Mawe ya Mizani

Igoma bado imejifunika gubigubi.
Julai, saa kumi na moja na nusu; gari limekataa mara mbili,
mara ya tatu likakohoa, likakubali yaishe.
Nyuma nimepakia mawe ya mizani:
ya kilo ishirini, kumi; ya kilo tano, manne;
na kisanduku cha vijiwe vya shaba, vidogo kama meno ya utotoni.
Kiti cha pembeni: chupa ya chai, viazi vya kuchemsha,
na koti la Lugumya,
alilosema atalirudia.

Kipupwe cha kwetu hakina theluji. Hakina hata mvua.
Ni upepo tu, unaolala ziwani na kuamka kabla ya watu,
ukapenya kwenye kioo kisichofunga vizuri,
ukaniuma goti lile lile.

Baada ya Kisesa giza linaanza kuachia vilima, kimoja kimoja,
na mawe yanajitokeza jinsi yalivyoachwa:
juu ya jiwe, jiwe; juu yake jingine, limeinama
kama mtu anayesoma barua ya jirani.
Kazi ni mazoea: nakadiria.
Lile la Nyanguge, tani mia mbili na ushee,
limekalia kijiwe kisichozidi stuli.
Nani alipima hapa, akaondoka bila kuandika?

Barabara yanyooka, milima inasogea,
Kushoto maji yawaka, kulia kumenichea,
Mkono wangu wachoka, usukani wazoea,
Na pumzi ikitoka, kiooni yaelea

na hapo tuta. Sikuliona.
Gari likaruka, chuma kikagonga chuma huko nyuma,
mizani yote ikavurugika.

Darajani Simiyu, askari mwenye mafua:
"Peke yako, mama?"
"Na mawe."
Akafungua nyuma, akamulika, akajaribu kunyanyua moja kwa mkono mmoja,
akalirudisha taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu.
"Pita."

Magu wameshaanza kusafirisha pamba.
Malori yametangulia usiku, na miiba ya kando ya njia
imenasa nyuzi nyeupe, kilometa nzima, pande zote mbili.
Basi ndiyo theluji yetu, kama ni lazima iwepo.

Mwaka jana, kabla ya kufika Lamadi,
niliupiga lakiri mzani uliokuwa ukila kilo mbili kila gunia.
Watu walipiga vigelegele. Nyanzobe hakupiga.
Alikaa juu ya gunia lake, akafunga upya kitenge, akaniuliza:
"Sawa, umeufunga. Na kilo mbili zangu za miaka tisa
nitazidai kwa nani?"
Nilikuwa na fomu ya kila kitu. Hiyo sikuwa nayo.
Leo nimepita pale, nikapunguza mwendo.
Kituo kimefungwa, mlangoni mbuzi anacheua.
Bado sinayo.

Chini ya Balili nikazima gari.
Mlima umevaa wingu hadi mabegani,
na juu ya mwamba pimbi wawili wamekaa tayari
kuota jua ambalo bado halijawafikia.
Chai imepoa. Upepo wa ziwa umenifuata hadi huku,
unajua namba za gari.

Nikavaa koti.
Mikono mirefu kidogo; mfukoni njiti mbili za kiberiti
na tiketi ya kivuko cha Busisi, ya kabla ya daraja,
imefutika tarehe.
Miaka yote nilidhani litanilemea.
Nikasimama nalo barabarani, nikapima kwa mabega:
kilo moja na robo, hivi,
pamoja na njiti.

Nikakunja mikono ya koti mara mbili,
nikamenya kiazi.
Bunda wanafungua saa mbili.